Yoga au umakinifu: njia ipi imfae mjamzito anayeumwa mgongo?

Saa nane usiku, mimba ina miezi saba. Umelalia ubavu wa kushoto, mkono umekufa ganzi, unataka kugeukia wa kulia. Jambo ulilokuwa ukilifanya usingizini sasa linataka mpango: unakunja magoti, unauvuta mto ulio katikati ya mapaja, unajisukuma kwa kiwiko, na palepale kiunoni kitu kinachoma kama msumari. Unatulia. Unasubiri kipite. Kisha unaanza kuhesabu wiki zilizobaki.

Ukilisema hilo mchana, ushauri utamiminika. Huyu atakwambia ujiunge na yoga ya wajawazito, yule atakwambia mwili umeshachoka, usiuongezee kazi, zoeza akili badala yake. Wote wana hoja, ndiyo maana wengi hukwama katikati. Mimi naona kuna swali linalotangulia: maumivu yanakushinda saa ngapi? Ukiwa umesimama, umekaa, unainama na kuinuka? Au ukiwa umelala, mwili umetulia lakini mawazo yanakimbia? Ukilijibu hilo, nusu ya uamuzi imekwisha.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Yoga ninayoisema hapa ni yoga ya wajawazito: mikao iliyorekebishwa, pumzi, na mapumziko mwishoni. Umakinifu ni mazoezi ya kuiweka akili kwenye kinachotokea sasa hivi, iwe pumzi, iwe mguso wa nyayo sakafuni, iwe hata maumivu yenyewe, bila kukipa jina baya na bila kukimbilia kesho. Yote mawili yana asili katika mapokeo ya kiroho ya Asia, lakini namna yanavyotumika hospitalini na kwenye madarasa ya uzazi hayamdai mtu imani yoyote.

Kwanza, unaumwa wapi hasa?

Zaidi ya nusu ya wajawazito huumwa mgongo au nyonga wakati fulani, mara nyingi kuanzia mwezi wa tano. Tumbo likikua, uzito huhamia mbele, na mgongo wa chini hujipinda zaidi ili mwili usielemewe. Misuli ya tumbo, ambayo kwa kawaida husaidiana na ya mgongo, imevutwa na kudhoofika. Homoni, relaksini ikiwamo, hulegeza kano zinazofunga viungo vya nyonga. Halafu kuna mzigo wenyewe: mama aliyeanza na uzito wa kawaida hutarajiwa kuongezeka kilo 11.5 hadi 16 kwa mimba nzima, na mgongo ni uleule.

Ila maumivu yenyewe yako ya aina mbili, na hapa ndipo watu huchanganya. Yapo ya mgongo wa chini, yanayokaa usawa wa kiuno na kuzidi ukikaa au kusimama muda mrefu. Yapo na ya nyonga: hayo hukaa chini zaidi, kwenye tako moja au yote mawili, au mbele kwenye mfupa wa kinena, na hujitangaza unapopanda ngazi, unaposhuka kwenye gari, unapovaa suruali ukiwa umesimama mguu mmoja. Utaona baadaye kwa nini nasisitiza hili. Mkao unaomtuliza mwenye maumivu ya kwanza unaweza kumtonesha mwenye ya pili.

Na kuna mgongo usiohusu yoga wala umakinifu. Maumivu yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio kabla ya wiki ya 37, damu au maji kutoka ukeni, homa, mkojo unaochoma, ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia haja, mguu kukosa nguvu, kichwa kuuma vibaya huku macho yakiona ukungu, au mtoto kupunguza kucheza: hilo ni la hospitali, leo, wala si la kusubiri siku ya kliniki.

Mizani nitakayotumia

Nitazipima njia zote mbili kwa mambo yaleyale: zinafanya nini mwilini, utafiti unasema nini, usalama wake, zinagharimu nini, na zinamfaa nani. Kupendeza sijakuweka kwenye mizani, ingawa nakiri ndiko huamua kama wiki ya tatu bado utakuwa unaendelea.

YOGA YA WAJAWAZITO

*Inafanya nini.* Inafanya kazi kwenye mzigo na wanaoubeba. Mikao ya kusimama hujenga mapaja na matako, ambayo hupokea sehemu ya uzito ulioangukia kiuno. Mingine hulegeza misuli ya mgongo iliyokaza kwa kujihami. Na yote hukufundisha upya jinsi ya kusimama, kwa sababu mwili wa mwezi wa saba si ule uliojifunza kusimama nao.

Chukua mkao mmoja tu, ule wa paka. Piga magoti, viganja sakafuni chini ya mabega. Ukitoa pumzi, sukuma mgongo juu kama paka aliyeamshwa ghafla, kidevu kikielekea kifuani. Ukivuta pumzi, urudishe uwe sawa kama meza, na uishie hapo. Usiuache uzame kama kamba ya nguo iliyoelemewa. Mara ya kwanza na ya pili hutahisi la maana. Kwenye ya sita au ya saba, wengi huhisi kiuno kinaachia, kwa kuwa tumbo sasa linaangalia sakafu na uzito wake hauvuti mgongo kama unaposimama. Ni dakika mbili, na hakuna anayehitaji kuwa mnyumbufu ili azifanye.

*Utafiti.* Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mapendekezo yake ya huduma kwa wajawazito, liliweka mazoezi ya mara kwa mara katika kipindi chote cha ujauzito kama kinga ya maumivu ya mgongo wa chini na nyonga. Mwaka mmoja kabla yake, mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikuwa yamekusanya majaribio 34 yenye wanawake 5,121 na kuona kuwa mazoezi huweza kupunguza maumivu ya mgongo wa chini, ingawa waandishi walikiri ubora wa ushahidi ni wa chini. Hayo ni mazoezi kwa ujumla. Majaribio ya yoga peke yake kwa wajawazito yapo, mengi yakiwa madogo. Kwa hiyo anayekwambia yoga imethibitishwa anavuta kamba kupita urefu wake. Anayekwambia haina msingi naye amekosea.

*Usalama.* Mwaka 2015 watafiti waliwafuata wanawake 25 wenye mimba ya wiki 35 hadi 37 wakifanya mikao 26, huku mapigo ya moyo wa mtoto yakipimwa, na hawakuona madhara. Inatia moyo, lakini ni watu 25, wenye mimba zisizo na matatizo, chini ya uangalizi.

Nyumbani au darasani kuna ya kuepuka. Yoga ya chumba chenye joto kali, achana nayo kabisa. Usilale chali muda mrefu baada ya wiki ya 20, kwa sababu mji wa mimba ukiwa mzito hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na utaanza kuona kizunguzungu. Usilalie tumbo, usijipinde kwa nguvu kiunoni, usibane pumzi. Mikao ya kusimama ifanye karibu na ukuta, maana tumbo limekubadilishia mizani. Lingine halisemwi vya kutosha: kwa sababu kano zimelegea, utajiona mwepesi kuliko zamani na kushawishika kujivuta zaidi. Usifanye hivyo. Mwili unakuruhusu leo, utakudai kesho asubuhi.

Sasa lile la nyonga. Kama maumivu yako ni ya kinena au ya upande mmoja wa tako, mikao ya kutanua miguu sana na ya kusimama mguu mmoja ndiyo ya kwanza kuondoa. Na kama una damu ukeni, kondo la nyuma linaloziba njia, mlango wa kizazi ulioshonwa au mfupi, ugonjwa wa moyo, au shinikizo la damu lililopanda kwa sababu ya mimba, usianze kabla daktari hajasema ndiyo.

*Gharama.* Inataka nafasi ya urefu wa mwili wako, mkeka usioteleza, mito miwili, na dakika 20 hadi 60. Darasa lina ada. Kinachogharimu zaidi ni mwalimu asiyefaa. Mimi niliwahi kuingia darasa ambalo mwalimu hakuuliza hata mimba ina wiki ngapi. Alipotwambia tulale chali na kufumba macho, nikaona nyota nikiwa macho. Mwalimu mzuri utamjua kabla hajatandika mkeka: anauliza wiki, anauliza panapouma, anauliza kama kuna kitu daktari amekukataza.

*Inamfaa nani.* Anayeumwa zaidi akiwa na shughuli, aliyekaa kazini kutwa, aliyekuwa na mazoea ya kuushughulisha mwili na sasa anahisi umefungwa. Pia anayeona kukaa kimya dakika kumi ni adhabu. Haimfai sana aliyeambiwa apunguze shughuli, wala ambaye kila hatua ya mguu inamchoma nyonga, mpaka kwanza apimwe na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli.

UMAKINIFU

*Unafanya nini.* Tuwe wazi: haulegezi msuli wala hauhamishi uzito. Unachogusa ni namna ubongo unavyoyapokea maumivu. Maumivu hayaishii kwenye kiuno. Ubongo ndio unaoamua yawe makubwa kiasi gani, na hofu, uchovu na usingizi mbovu huongeza sauti. Rudi saa nane usiku. Kuchoma kwenyewe kulidumu sekunde chache. Nusu saa iliyofuata ilikuwa ya nini? Ya "itakuwaje mwezi wa tisa", "nitazaaje na mgongo huu", "kesho kazini nitasimamaje". Misuli husikiliza maneno hayo na kukaza, na kukaza kunaongeza maumivu. Umakinifu huingia hapo katikati, kati ya kuchoma na hadithi inayofuata.

Zoezi la msingi ni kuupitia mwili kwa akili. Unaanza na vidole vya miguu: je, kuna joto, baridi, shuka linagusa wapi? Unapanda visigino, mashavu ya miguu, magoti. Ukifika kiunoni huruki. Unaangalia kama mtu anayetazama mvua kupitia dirishani: ni kuchoma au ni kubana? Pana kiasi gani, pana mwisho? Kunapanda ukivuta pumzi? Watu wengi hushangaa kukuta maumivu waliyoyaita "mgongo wote" yana ukubwa wa kiganja.

*Utafiti.* Huu una historia inayohusiana na maumivu moja kwa moja. Jon Kabat-Zinn alipoanzisha kozi yake ya umakinifu mwaka 1979 katika chuo cha tiba cha University of Massachusetts, wengi wa waliopelekwa kwake walikuwa watu wenye maumivu sugu yasiyosikia dawa. Kozi hiyo ya wiki nane ndiyo mama wa nyingi zilizofuata, ikiwamo ile ya wazazi watarajiwa ambayo mkunga Nancy Bardacke alianza kuifundisha mwaka 1998.

Mwaka 2016 jaribio lililofanyika Marekani kwa watu wazima 342 wenye maumivu sugu ya mgongo liliona kwamba, baada ya wiki 26, asilimia 60.5 ya waliopitia kozi hiyo walikuwa wamepata nafuu ya maana katika shughuli zao, wakilinganishwa na asilimia 44.1 ya waliobaki na matibabu ya kawaida. Mwaka uliofuata chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliuweka umakinifu, pamoja na yoga, kati ya njia za kujaribu kabla ya dawa kwa mgongo sugu. Lakini soma kwa uangalifu: hao hawakuwa wajawazito waliochunguzwa kwa ajili ya mgongo wa mimba. Kwa wajawazito, tafiti za umakinifu zimejishughulisha zaidi na wasiwasi, msongo na hofu ya kuzaa. Kuupeleka ushahidi ule kwenye tumbo la miezi saba ni kukisia, kwa busara, ila ni kukisia.

*Usalama.* Huanguki, hujipindi, hutoki jasho. Hata aliyelazwa kitandani kwa amri ya daktari anaweza kuufanya. Tahadhari ya mkao ni ileile: keti ukiegemea, au lala ubavu na mto kati ya magoti, si chali. Kwa aliyewahi kupitia jambo la kutisha au anayepambana na huzuni nzito, kufumba macho na kuusikiliza mwili kunaweza kufungua mlango asioutaka. Huyo afanye macho yakiwa wazi, kwa muda mfupi, na ikiwezekana akiwa na mtaalamu.

Ninachokiogopa mimi ni kingine. Mwanamke mjamzito ameshaambiwa "vumilia" mara nyingi mno, na umakinifu ukifundishwa vibaya unageuka vumilia ya kisasa. Kuyaangalia maumivu bila hofu si kuyanyamazia. Mtu anayeusikiliza mwili vizuri ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kusema, "Hii ya leo si ile ya jana," na kwenda kupimwa.

*Gharama.* Karibu hakuna. Rekodi kwenye simu, dakika kumi, mahali pa kukaa. Bei yake iko kwenye subira: siku tano za mwanzo unaona umekaa tu, akili inakwenda sokoni na kurudi, na hakuna jasho la kukuhakikishia kwamba umefanya kitu. Wengi huacha hapo.

*Unamfaa nani.* Anayeshindwa na maumivu usiku, anayelala na kuamka na hofu ya kuzaa, aliyezuiwa mazoezi, na yule ambaye tayari anafanya kila kitu sawa kimwili lakini bado maumivu yamemtawala siku nzima. Hautamtosha ambaye tatizo lake ni kiti kibovu na saa nane za kukaa bila kuinuka. Huyo abadilishe kiti kwanza.

Kulingana na hali yako

Mimba ni changa, mgongo ndio kwanza unaanza kunong'ona, na daktari hana pingamizi: anza na yoga. Ni rahisi kujenga misuli kabla tumbo halijawa kubwa. Ukiwa na miezi mitatu ya kwanza ya kichefuchefu na uchovu, dakika kumi za mikao miwili mitatu zinatosha.

Mchana unamudu, usiku ndio unakumaliza: anza na umakinifu, ukiufanyia palepale kitandani. Ongeza mkao wa paka kabla ya kulala, mara nane hivi.

Nyonga au kinena ndicho kinachouma: usiingie darasa la yoga kwa kubahatisha. Mtafute kwanza mtaalamu wa fiziotherapia, akuonyeshe mienendo ya kukwepa, na uulizie mkanda wa kushikilia nyonga. Umakinifu unaweza kuanza leo huku ukisubiri miadi.

Umeambiwa upumzike: yoga kando, umakinifu upo.

Una watoto wadogo na huna hata dakika kumi zako: usijidanganye na darasa la saa nzima. Pumzi tatu za taratibu kila unapoinuka kwenye kiti, magoti yakikunjwa badala ya kiuno kila unapookota kitu chini. Kidogo kinachofanyika kila siku ni bora kwako kuliko mkeka mpya uliokunjwa nyuma ya mlango.

Unataka vyote viwili: hakuna ugomvi. Darasa zuri la yoga tayari lina dakika za mwisho za utulivu, na pumzi ya kutoa polepole unayojifunza kwenye mkao ndiyo utakayoishika saa ya uchungu. Ila usianze vyote siku moja, maana ukipata nafuu hutajua kilichokusaidia, na ukizidiwa hutajua kilichokuumiza.

Umejaribu wiki tatu au nne, hakuna kilichobadilika, au dawa ndizo unazozifikiria: usijinunulie. Ibuprofeni na jamii yake zimeonywa kuanzia wiki ya 20 kwa sababu zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka. Parasetamoli nayo iulizie kipimo na muda. Kabla ya kwenda kliniki, andika kwa siku tatu tu: saa ngapi pameuma, ulikuwa unafanya nini, panapouma pako juu au chini ya mstari wa kiuno, na umelala saa ngapi. Mweke mkunga hiyo karatasi mbele kabla hajakuuliza unaendeleaje, kwa sababu ukiulizwa hivyo utajibu "salama" kama sote tunavyojibu, na dakika zako zitakuwa zimekwisha.